Kurithi telomia ndefu sio ushindi kama wanavyokuuzia

Panya wa maabara, yule mweupe wa macho mekundu unayemuona kwenye picha, ana telomia, yani vipande vya DNA vya kwenye ncha za kromosomu, ndefu kuliko za kwako na zangu mara kadhaa. Na telomerasi, kile kimeng'enya kinachozirefusha, kwake kinafanya kazi sehemu nyingi za mwili hata akishakuwa mkubwa, wakati kwetu sisi kimezimwa karibu kila mahali. Sasa kama urefu wa telomia ndo urefu wa maisha basi huyu panya ilibidi atuzike wote. Anaishi miaka miwili, akijitahidi sana mitatu, na wengi wao ukiwapasua baada ya kufa unawakuta na uvimbe wa saratani.

Naanza na panya makusudi, maana huku mtandaoni telomia zimeshakuwa biashara. Kuna vidonge vya kurefusha telomia, chai ya kurefusha telomia, semina za hotelini za kurefusha telomia, na hadithi ni ile ile: telomia fupi ni uzee na magonjwa, telomia ndefu ni ujana, lipia uwe kijana. Nusu ya kwanza ina ukweli wake. Nusu ya pili ndo inayonifanya niandike hii kitu, kwa sababu kwa miaka kumi na kitu sasa tafiti za watu waliozaliwa na telomia ndefu zinaonyesha picha nyingine kabisa, na sioni mtu akiielezea kwa Kiswahili cha kawaida.

Twende taratibu. Kila seli yako ina kromosomu 46, yani nyuzi ndefu za DNA, kila kromosomu ina ncha mbili, jumla ncha 92. Pale kwenye ncha hakuna jeni, kuna herufi sita tu za DNA, TTAGGG, zinazojirudia maelfu ya mara. Hizo ndo telomia. Kazi yake ni kuizuia seli isidhani kwamba ncha ya kromosomu ni DNA iliyokatika, maana ikidhani hivyo itaanza kuunganisha kromosomu hii na ile na hapo ni vurugu. Tatizo ni kwamba kila seli inapogawanyika mashine ya kunakili DNA inashindwa kumalizia kipande cha mwisho kabisa, kwa hiyo ncha inapungua kidogo kila mara.

Hili la kushindwa kumalizia aliliona Mrusi mmoja, Alexey Olovnikov, na alivyoliona napenda sana kusimulia. Alikuwa ametoka kusikiliza mhadhara Moscow kuhusu kazi ya Leonard Hayflick, yule Mmarekani ambaye mwaka 1961 na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu ukizifuga kwenye chombo zinagawanyika kama mara 50 hivi alafu zinagoma. Olovnikov kasimama kituo cha treni za chini ya ardhi, treni inaingia, akawaza: reli ndo DNA, treni ndo mashine inayonakili, sasa ile reli iliyo chini ya behewa lenyewe nani atainakili? Akachapisha wazo lake 1971, kwa Kirusi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemjali sana.

Telomerasi yenyewe ilikuja kuonekana siku ya Krismasi 1984, Berkeley kule California. Carol Greider, mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, alienda maabara siku ya sikukuu kuangalia filamu ya majaribio yake, ile kama ya X-ray, akakuta mistari inajirudia kila baada ya herufi sita, yani kuna kimeng'enya kinaongeza telomia. Seli walizotumia ni za kiumbe kidogo cha kwenye madimbwi kinaitwa Tetrahymena. Mwaka 2009 wakapewa Nobel, wao wawili na Jack Szostak, na Greider siku hiyo simu ya Stockholm ilimkuta anashughulika na nguo za kufua. Hiyo haihusiani na mada, naipenda tu.

Watu wakiniambia nieleze kwa kifupi huwa nasema telomia ni bando. Kila seli inaanza na bando lake, ikigawanyika linapungua, likikaribia kuisha seli inaacha kugawanyika. Ukirithi bando kubwa ngozi yako, damu yako, mishipa yako ina muda mrefu zaidi wa kujikarabati, na hiyo ni faida kweli kweli. Ila bando halichagui nani analitumia. Siku moja seli moja ikipata hitilafu kwenye jeni ikaanza kugawanyika ovyo, hiyo seli nayo ni ya kwako, na nayo imekuta bando kubwa lile lile. Kwa mtu wa bando dogo seli kama hiyo mara nyingi inaishiwa kabla haijakusanya hitilafu za kutosha kuwa saratani. Kwa wewe wa bando kubwa inaendelea, inakusanya hitilafu ya pili, ya tatu, ya nne.

Kwa hiyo kufupika kwa telomia sio uzembe wa mwili. Ni breki. Na saratani zenyewe zinalijua hilo, maana kama asilimia 85 hadi 90 ya saratani za binadamu zinawasha upya telomerasi ili ziendelee bila kikomo. Zile seli za HeLa, zilizotolewa kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya Henrietta Lacks kule Baltimore 1951 na mpaka leo zinakua kwenye maabara dunia nzima, siri yao mojawapo ni hiyo hiyo.

Sasa swali la urithi. Mtu anazaliwa na telomia ndefu au fupi, sehemu kubwa kutokana na wazazi wake. Je, anayezaliwa nazo ndefu anapata saratani zaidi au kidogo? Zamani majibu yalikuwa yanagongana vibaya, utafiti huu unasema fupi ndo mbaya, ule unasema ndefu, mwingine hauoni kitu. Na sababu ukiifikiria ni rahisi. Walikuwa wanachukua wagonjwa wa saratani wanawapima damu alafu wanalinganisha na watu wazima wa afya. Lakini mgonjwa keshaumwa, keshapigwa dawa na mionzi, wengine wamevuta sigara miaka thelathini, na vyote hivyo vinaweza kubadilisha telomia za kwenye damu, kwa hiyo unapima matokeo ukidhani unapima chanzo.

Njia iliyonyoosha mambo ni kuachana na telomia zenyewe ukaangalia jeni. Kuna sehemu nyingi kwenye DNA, utafiti wa Uingereza wa 2021 uliopima watu 472,174 ulizikuta 138, ambapo herufi moja ikibadilika telomia zinakuwa ndefu kidogo au fupi kidogo. Herufi hizo unagawiwa siku unatungwa mimba, kabla hujavuta sigara, kabla hujanenepa, kabla hujaumwa chochote. Kwa hiyo ukichukua watu waliogawiwa nyingi za upande wa ndefu ukawalinganisha na waliogawiwa za upande wa fupi, ugonjwa hauwezi kurudi nyuma ukabadilisha jeni alizozaliwa nazo mtu. Njia hii ina mipaka yake, jeni moja saa ingine inafanya kazi mbili, ila kwa swali hili imesaidia sana.

Mwaka 2017 jarida la JAMA Oncology lilitoa kazi kubwa iliyoongozwa na watafiti wa chuo kikuu cha Bristol, Uingereza, walikusanya data za wagonjwa 420,081 wa saratani na magonjwa mengine, na wasio wagonjwa zaidi ya milioni moja. Matokeo: waliorithi telomia ndefu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani kadhaa, na kwa baadhi tofauti sio ya kubishania. Kwa kila hatua moja ya kitakwimu ya urefu (standard deviation, kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana kwa kawaida), uwezekano wa kupata glioma, ambayo ni saratani ya ubongo, uliongezeka kama mara 5. Adenokasinoma ya mapafu, ile aina inayowapata hata wasiovuta sigara, kama mara 3. Kibofu cha mkojo mara 2 na ushee. Melanoma ya ngozi karibu mara 2. Korodani, figo, mji wa mimba nazo zimo.

Alafu geuza karatasi. Watu hao hao wa telomia ndefu walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, ndogo kwa kama moja ya tano, na ugonjwa wa mapafu kupata makovu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Yani mwili umekulipia moyo na mapafu kwa pesa ya saratani. Ule utafiti wa 2021 ulipojumlisha na kutoa ukaona wenye telomia ndefu bado wanaongoza kwa maisha kidogo, kama miaka miwili na nusu hivi mbele ya wenye fupi. Kwa hiyo sisemi ndefu ni laana, nasema ni biashara yenye pande mbili na wauzaji wanakuonyesha upande mmoja.

Na kabla hujashtuka na ile mara 5: glioma ni adimu. Marekani inawapata watu kama 6 kwa kila laki moja kwa mwaka. Mara 5 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Waandishi wa magazeti huwa wanapenda kuruka hapa.

Yote hayo ni watu wa kawaida, wenye tofauti ndogo ndogo. Ila kuna familia ambazo mambo yamepitiliza, na kwangu mimi hizo ndo zinafundisha zaidi. Mwaka 2013 Wajerumani walieleza familia moja ambayo melanoma ilikuwa inawapitia mmoja baada ya mwingine, wakakuta wagonjwa wote wanashea badiliko la herufi moja tu jirani na jeni ya TERT, ile inayotengeneza telomerasi. Herufi moja, swichi ikawa imelegea. Mwaka uliofuata zikaja familia nyingine za melanoma zenye hitilafu kwenye jeni ya POT1. POT1 kazi yake ni kukaa kwenye ncha ya telomia na kumzuia telomerasi asiongeze kupita kiasi, ikiharibika hakuna wa kumwambia basi inatosha.

Kundi la Mary Armanios pale chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ndo likaenda mbali zaidi. 2023, kwenye New England Journal of Medicine, wakaeleza watu 17 wenye hitilafu ya POT1, mdogo ana miaka 7 mkubwa 83, na kati ya 13 waliopimwa telomia, 9 zao zilikuwa ndefu kuliko za asilimia 99 ya watu. Sasa hapa ndo mtu wa vidonge angeshangilia, kwa sababu baadhi yao kweli walikuwa wanaonekana vijana kuliko umri, nywele zilichelewa kuota mvi. Ila ukifungua mafaili yao: uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, rovu, melanoma, saratani za damu. Na wengi wao damu yao ilikuwa imetekwa na ukoo mmoja wa seli, yani seli moja ya uboho iliyopata hitilafu kwenye jeni kama DNMT3A au JAK2 imezaa na kuzaa mpaka inachangia sehemu kubwa ya damu yote. Hali hiyo inatokea kwa wazee wengi, ila hawa walikuwa nayo kwa kiwango cha juu, kwa sababu seli yenye hitilafu haikuishiwa. Ujana wao na saratani zao vimetoka kwenye chungu kimoja.

Kuna mama yangu mdogo, siku moja alinipigia. Nikamwamkia, marahaba mwanangu, hujambo, watoto, moja kwa moja kwenye hoja: "Baba, wewe si ndo ulisomea mambo ya maabara? Kuna dawa hapa nimeletewa, inarefusha hizo nini, telomia. Nisome?" Akanisomea boksi lote mpaka tarehe ya kuisha muda. Bei yake ilikuwa gunia la mchele. Nikamwambia mama, pressure yako ikoje? Akasema imepanda tangu dawa zake ziishe wiki mbili nyuma, hajanunua nyingine kwa sababu hela kaweka kwenye boksi. Sikuwa na haja ya kumweleza POT1.

Na hapa niseme kuhusu vipimo, maana navyo vinauzwa, unatuma mate au tone la damu nje unarudishiwa "umri wako wa kweli". Njia inayotumika sana ni ile aliyoileta Richard Cawthon 2002. Unachukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau ili isigande, unatoa DNA ya chembe nyeupe, alafu unaendesha PCR mbili, yani kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana, moja inakuza telomia nyingine inakuza jeni moja ya kawaida, unagawanya namba hii kwa ile. Basi. Kinachotoka ni uwiano, sio urefu, na ni wastani wa mamilioni ya seli za aina tofauti tofauti zilizokuwa kwenye damu siku hiyo. Mkono ukitetemeka wakati wa kudondosha maikrolita zako, jibu linahama. DNA ikikaa vibaya, linahama. Kwa kulinganisha maelfu ya watu inafaa sana kwa sababu makosa yanafutana, ila kumwambia mtu mmoja "wewe una miaka 47 ndani" ni utani. Madaktari wanaoshughulika na wagonjwa wa telomia fupi wanatumia njia nyingine, flow-FISH, inayopima kwa aina ya seli, na wanamlinganisha mgonjwa na watu wa umri wake.

Maana telomia fupi nazo zina wagonjwa wake, na hawa wanateseka kweli. Uboho unaacha kutengeneza damu, mapafu yanaota makovu, ini linakakamaa, mvi kabla ya miaka 30. Na inazidi kuwa mbaya kizazi hadi kizazi, baba anaumwa akiwa na 60, mtoto 40, mjukuu utotoni, kwa sababu kila mmoja anaanza na fupi zaidi. Hata saratani wanapata, hasa za damu, na za ngozi ya juu na mdomo. Ila kundi hilo hilo la Hopkins lilipowafuatilia likaona saratani nyingi za uvimbe kwao zinaendana na kinga ya mwili kudhoofika, chembe T, ambazo ndo askari wa kinga, zimeisha, hazipo za kulinda. Kwa hiyo hata pale ambapo fupi inaleta saratani, njia yake ni tofauti na ya ndefu.

Sisi Waafrika tunaingia wapi? Kwa wastani telomia zetu ni ndefu kuliko za Wazungu. Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo iko kwenye jeni, na wapo waliopendekeza kwamba kule kaskazini ngozi ilipokuwa nyeupe, melanoma ikawa inawapunguza wenye telomia ndefu. Ni dhana nzuri, mimi binafsi bado siinunui yote, melanoma mara nyingi inakuja baada ya umri wa kuzaa. Kinachonivutia zaidi ni kazi ya kundi la Sarah Tishkoff wa chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, iliyotoka 2024, walipima watu 1,818 wa Tanzania, Botswana, Ethiopia na Cameroon. Wakakuta wanaoishi maeneo yenye malaria nyingi wana telomia fupi kuliko wanaoishi pasipo na malaria. Inaingia akilini, malaria inavunja chembe nyekundu, uboho unalazimika kuzalisha upya tena na tena tangu utotoni. Kwa hiyo unaweza kurithi ndefu kutoka kwa baba na mama, alafu mbu wa kijijini kwenu wakazila.

Halafu kuna suala la umri wa baba. Telomia za mbegu za kiume zinaongezeka urefu kadri mwanaume anavyozeeka, kwa sababu telomerasi kwenye korodani haizimwi. Kwa hiyo mtoto wa baba mwenye miaka 55 kwa wastani anazaliwa na telomia ndefu kuliko kaka yake aliyezaliwa baba akiwa na 25. Utafiti wa Cebu, Ufilipino, 2012 ulionyesha inafika mpaka kwa wajukuu, umri wa babu nao unahesabika. Wazee waliooa tena ukubwani msije kwenye inbox yangu, sijasema kitu.

Swali ambalo msomaji wa huku anapaswa kuuliza ni kama hili linagusa saratani tunazozika nazo watu wetu. Kwa kiasi kidogo. Ule utafiti wa 2017 uliona uhusiano una nguvu zaidi kwa saratani adimu, na kwa viungo ambavyo seli zake mama hazigawanyiki mara kwa mara. Saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya shingo ya kizazi, na hiyo chanzo chake ni kirusi cha HPV, ambacho kina chanjo inayotolewa kwa mabinti nchi nzima tangu 2018. Kipimo cha awali kinafanywa kwa siki, nesi anapaka, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pamegeuka weupe, unaondoka na jibu lako siku hiyo hiyo. Hakuna telomia inayoshindana na hicho.

Kwenye dawa halisi, zilizopita kwenye majaribio, mambo yameenda pande zote mbili. Danazoli, homoni ya zamani, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 27 wa telomia fupi na majibu ya 2016 yalionyesha telomia za wengi waliofuatiliwa mpaka mwisho ziliongezeka. Ila hao ni watu ambao uboho unawafia, hatari ya saratani kwao inapimwa dhidi ya kuishi kwa kuongezewa damu. Upande wa pili Juni 2024 Marekani waliidhinisha imetelstati, dawa ya kwanza inayozuia telomerasi, kwa baadhi ya wagonjwa wa uboho wenye seli zilizoanza kwenda kombo.

Kama kuna kitu cha kumwambia daktari wako kuhusu haya yote ni historia ya ukoo. Ndugu wawili watatu wenye melanoma, au glioma kwenye familia moja zaidi ya mara moja, hiyo itaje. Mapafu yenye makovu bila sababu, ini kukakamaa kwa mtu asiyekunywa, damu kuisha, na kwenye ukoo huo huo watu wanaota mvi wakiwa chuo, hiyo itaje haraka zaidi. Daktari akiuliza "kuna ugonjwa wowote kwenye familia" wengi tunajibu hapana, tunawahi foleni ya dawa. Babu alikufa kwa nini? "Kifua." Kifua gani, kilimuanza na umri gani, alikuwa anavuta sigara? Hapo ndo shangazi mkubwa anahitajika.